Rili ipi ifuate ipi: kupanga seti ya tuni za Ayalandi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, sasa naishi Cork, Ayalandi, nafanya kazi ya uuguzi. Nyumbani nilikuwa mwimbaji wa kwaya. Huku nimejifunza filimbi ya bati, na mara moja kwa wiki nakaa na wapigaji wa mtaani kwangu kwenye sesheni yao, yaani kikao cha kupiga muziki pamoja. Nina tuni kama ishirini mkononi. Zamu yangu ya kuanzisha ikifika, huunganisha rili (tuni za dansi za mwendo wa haraka) mbili ninazozipenda sana, The Silver Spear na The Maid Behind the Bar. Nikishaingia ya pili, mara najikuta nimerudi ya kwanza, na wenzangu nusu wameshika ile, nusu wameshika hii. Wenyeji huchaguaje tuni za kukaa pamoja? Kuna kanuni?

Jibu: Marahaba dada. Vidole vyako havina kosa. Umechukua rili mbili zinazoanza karibu sawasawa ukaziweka jirani, na hapo hata mpigaji wa miaka mingi huteleza.

Kwa kuwa umeimba kwaya, tuzitazame kwa do-re-mi. Zote mbili, kama zinavyopigwa mara nyingi, ziko kwenye ufunguo wa D, kwa hiyo D ndiyo do. The Silver Spear huingia hivi: mi so so so, la so mi so. The Maid Behind the Bar huingia hivi: mi so so la, so mi re do. Noti tatu za kwanza ni zilezile, kwenye matundu yaleyale. Njia panda ni noti ya nne, na kwa kasi ya rili noti ya nne inakufikia kabla nusu sekunde haijaisha. Kichwa hakijaamua, vidole vimeshachagua njia viliyoizoea dakika nzima iliyopita. Ndiyo maana unarudi ulikotoka, na ndiyo maana wenzako wanagawanyika: nao wamesikia mi so so na kila mmoja ameamua lake.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako kubwa. Watu wengi wakipanga seti, yaani tuni kadhaa za kupigwa mfululizo, hutazama tuni nzima nzima: hii nzuri, ile nzuri, basi ziende pamoja. Seti hufaulu au kuvunjika kwenye kiungo, yaani vipimo (mafungu ya mapigo) viwili vya mwisho vya tuni inayotoka na viwili vya kwanza vya tuni inayoingia. Sikiliza hapo kwanza. Mengine yote nitakayokueleza ni njia za kukifanya kiungo hicho kisikike na kifurahishe.

Kwanza aina ya pigo. Sesheni nyingi hushika aina moja ndani ya seti: rili na rili, jigi na jigi, honipaipu na honipaipu, polka na polka. Rili huhesabiwa nne, jigi ni sita kwa nane, mwendo ambao mtu wa pwani anao mwilini tayari kutoka kwenye chakacha. Slipi jigi ni tisa kwa nane. Kuchanganya kunaruhusiwa, na kuna mifano mizuri. The Bothy Band, bendi ya Ayalandi, katika albamu yao ya kwanza ya mwaka 1975, walianza na jigi iitwayo The Kesh, wakaingia slipi jigi Give Us a Drink of Water, kisha wakamalizia na rili mbili, The Flower of the Flock na Famous Ballymote. Kila mpito unaongeza mwendo na msikilizaji anainuka nao. Lakini wale walikuwa bendi iliyofanya mazoezi. Kwenye meza ya sesheni, penye watu kumi na wawili na mpiga gitaa aliyekaa kona ya mbali, kubadili pigo bila makubaliano ni kuwaacha watu njiani. Na wakiwepo wanaocheza dansi usijaribu kabisa, maana hatua zao zimefungwa kwenye pigo hilo.

Sasa ufunguo, ambao ndio utamu wenyewe. Filimbi yako ya D, paipu za kiwiko (zumari za Ayalandi zinazojazwa hewa kwa mvukuto wa kiwiko), filimbi ya mbao na fidla vimeuelekeza muziki huu kwenye funguo chache: D, G, na zile zenye ladha ya maina kwenye E, A na B. Hapa mtu wa kwaya ana faida kubwa. Tuni nyingi ambazo wapiga gitaa huziita za E maina zinatumia noti zilezile za D meja. Tofauti ni kwamba tuni imejenga makao yake kwenye re badala ya do. Cooley's iko hivyo, Drowsy Maggie na Morrison's pia. Vivyo hivyo, tuni za A kama The Sligo Maid na The Lilting Banshee zinatumia noti za G meja, na makao yake ni re ya G.

Ukilielewa hilo, utaona mipito ya aina mbili. Wa kwanza noti hazibadiliki, makao tu ndiyo yanahama. Kutoka Cooley's kwenda tuni ya D, filimbi yako haibadilishi tundu hata moja, ila sikio linatoka re linakwenda do, na chumba kinang'aa. Mpito wa namna hii ni laini na haumtishi mtu. Wa pili, noti moja inageuka. Kutoka tuni ya G kwenda ya D, ile C ya kawaida inakuwa C shapu, yaani inapanda nusu hatua. Kwenye filimbi utaigusa kwa vidole: C ya kawaida unaipata kwa kuacha wazi tundu la kwanza na kuziba la pili na la tatu, C shapu unaachia yote sita. Kidole kikisahau, kila mtu atasikia. Lakini noti hiyo moja ndiyo inayoipa seti mwamko, kwa hiyo usiiogope, ifanyie mazoezi.

Kupanda kutoka G kwenda D, au D kwenda A, huleta hali ya kufunguka. Kwenye fidla kuna sababu ya kimwili: nyuzi zake zimefungwa G, D, A na E, na ukicheza D au A nyuzi wazi zinaitikia zenyewe, mlio unapanuka. Kinyume chake, kutoka D kwenda G hutuliza. Hakuna ubaya, ni vizuri katikati ya seti, mwishoni mara nyingi seti inakosa nguvu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Michael Coleman, mpiga fidla wa Sligo, Ayalandi, aliyehamia Marekani mwaka 1914. Mwaka 1934, New York, alirekodi rili tatu mfululizo: The Tarbolton, The Longford Collector na The Sailor's Bonnet. Ya kwanza imekaa kwenye E, re ya D. Ya pili iko G. Ya tatu iko D. Ifuatilie ile C kwa vidole vyako: shapu, kisha ya kawaida, kisha shapu tena. Tuni ya kati inalainisha, ya mwisho inafungua madirisha. Mpaka leo, ukianza The Tarbolton kwenye sesheni yoyote, jirani zako wamekwisha kuelekeza masikio kwenye The Longford Collector bila kuambiwa.

Sahani za santuri za enzi ile zilibeba kama dakika tatu kila upande. Tuni moja ikirudiwa dakika tatu ingemchosha mnunuzi wa sahani, kwa hiyo mbili au tatu zikaunganishwa, na seti za sahani hizo zikarudi Ayalandi zikasikilizwa na kuigwa kama zilivyo. Ukifungua kitabu cha Francis O'Neill, mkuu wa polisi wa Chicago aliyechapisha tuni 1,850 mwaka 1903, utazikuta tuni moja moja, kila moja na jina lake. Kuziunganisha ni kazi ya wapigaji. Kwa hiyo ukiuliza kanuni, jibu langu ni kwamba kuna mazoea yenye nguvu, lakini hakuna sheria iliyoandikwa ambayo utaivunja.

Turudi kwenye kiungo, kwa sababu kwa mpiga filimbi kuna jambo ambalo wapiga fidla hawakuambii. Noti za chini za filimbi ya bati ni za upole, za juu ndizo zinazochoma. Tuni ya pili ikianza chini kabisa, kwa mfano The Blarney Pilgrim inayoanza kwenye D ya chini, hakuna atakayesikia kwamba umebadilisha. Watu wataendelea na tuni ya kwanza kwa kipimo kizima au viwili, na hapo fujo imeanza. Kwa hiyo, ukiwa wewe ndiye mwanzilishi, weka nafasi ya pili na ya tatu tuni ambazo mwanzo wake unajitangaza. Morrison's ni mfano bora kati ya jigi: E ndefu, halafu inaruka mpaka B, re ndefu na la ndefu. Mtu akisikia mruko huo haulizi. Kati ya rili, The Merry Blacksmith huingia kwa do ya juu iliyovutwa kidogo, na filimbi yako inasikika hata penye kodiani mbili. The Blarney Pilgrim yako nzuri iweke mwanzoni mwa seti, wakati watu wamenyamaza wakikusubiri.

Tazama pia umbo. Kama tuni ya kwanza ni ya kuyumba kati ya kodi mbili (kodi ni noti kadhaa anazozipiga mpiga gitaa kwa pamoja), kama Cooley's na Drowsy Maggie zinavyoyumba kati ya E maina na D, usiziweke hizo mbili pamoja. Si kosa la kiufundi, ila msikilizaji hataona kama amehama, na mpigaji atapotea kama unavyopotea wewe. Na nikuonye jambo moja kuhusu The Merry Blacksmith niliyoisifu: kipimo chake cha kwanza kinamalizika la so mi so, sawasawa na cha The Silver Spear. Usiziweke jirani. Kufanana kwa mwanzo ni hatari zaidi kuliko kufanana kwa katikati, maana katikati umeshashika njia.

Basi nizitenganishe rili zako. The Silver Spear iweke baada ya Cooley's. Cooley's inaanza re la la so, haina hata harufu ya mi so so, na kwa kuwa nusu ya kodi zake ni D, sikio limeshaonjeshwa mahali unapokwenda. The Maid Behind the Bar iweke baada ya The Sally Gardens, ambayo iko G na huanza do, halafu inarukaruka kati ya do, so na mi ya G. Ukitoka hapo kuingia D utapata ule mwamko wa C shapu. Umepata seti mbili za rili mbilimbili, na zile dada mbili zinazokuchanganya hazikutani usiku huo isipokuwa kwa kupishana saa nzima.

Kwa upande wa jigi, hii hapa unaweza kuianza wiki ijayo: Out on the Ocean, Morrison's, The Connaughtman's Rambles. Ya kwanza iko G, ya kawaida, kila mtu anayo. Morrison's inageuza hewa. Halafu sikiliza sehemu ya kwanza ya Morrison's inavyoisha: haitulii kwenye E, inateremka hatua kwa hatua mpaka D ya chini, ndipo irudie tena E. Tuni za namna hii hazina kituo. Zinazunguka, mwisho wake unasukuma mwanzo. Zinafaa sana katikati ya seti kwa sababu zinaomba kitu kifuate, ila ukizifanya za mwisho lazima uamue mapema noti gani utashukia. Hapa inafuata The Connaughtman's Rambles, ambayo inaingia mi so so, do so so kwenye D, wazi kabisa, na sehemu yake ya pili inaegemea B maina kwa muda, kwa hiyo seti haiishi kwa rangi moja tu.

Utaona nimeanza na tuni inayojulikana. Kuna wanaosema inayojulikana ikae mwisho ili chumba kizima kiingie kwa kishindo. Wote wawili tuko sahihi, inategemea wewe ni nani mezani. Mgeni au mpole, anza na inayojulikana, watu wakuamini, na umalizie na inayojulikana. Ile adimu, kama unayo, iweke kati, moja tu. Seti ya tuni tatu ambazo hakuna azijuaye ni onyesho la mtu mmoja, na sesheni si mahali pake. Kuna tuni ambazo kwa uzito wake hukaa mwisho karibu kila mahali. The Bucks of Oranmore, yenye sehemu tano, ni mojawapo. Baada yake ni vigumu kuweka kitu kisichoonekana kidogo.

Kuhusu kurudia: tuni ya kawaida ina sehemu mbili za vipimo vinane, kila moja hupigwa mara mbili, jumla vipimo 32. Kwa rili ni kama nusu dakika na ushei. Ukirudia tuni mara tatu na seti ina tatu, ni kama dakika tano. Inatosha. Ukiona wenzako bado wanaitafuta tuni raundi ya pili ikiisha, rudia ya tatu. Kama wote wanaijua, mbili zinatosha. La msingi ni kwamba idadi iwe moja ndani ya seti, mara mbili zote au mara tatu zote, maana mpiga gitaa anahesabu. Tuni zenye sehemu tatu kama The Blarney Pilgrim na Banish Misfortune humpoteza anayehesabu kwa mazoea, kwa hiyo mtazame machoni sehemu ya tatu ikikaribia kuisha.

Kasi nayo hurithiwa. Kasi unayoanza nayo tuni ya kwanza ndiyo itakayobeba ya tatu, na mara nyingi huongezeka. Kwa hiyo kabla hujapuliza, ikumbuke tuni ngumu kuliko zote katika seti, uiimbe kichwani kipimo kimoja kwa kasi unayoiweza, ndipo uanze ya kwanza kwa kasi hiyo. Waanzaji wengi hufanya kinyume: huanza rili rahisi kwa mbio, na wakifika ile ngumu vidole vinakataa.

Kiungo kifanyie mazoezi peke yake. Usipige seti nzima tangu mwanzo kila mara. Chukua vipimo vinne vya mwisho vya Cooley's na vinne vya kwanza vya The Silver Spear, uzungushe hivyo tu mpaka mpito usihitaji kufikiriwa. Kabla ya kushika filimbi, imba kiungo hicho kwa do-re-mi. Mwimbaji wa kwaya anayeweza kuimba mwanzo wa tuni ya pili huku ya kwanza ikipigwa kwenye simu yake, huyo hatapotea mezani. Nalisema hili kwa uzito wote, kwa sababu ndilo jambo ambalo nimeona linawasaidia wanafunzi haraka kuliko zoezi lolote la vidole.

Siku yenyewe, mpe mpiga gitaa ufunguo. Wenye mdomo huru, kama wapiga fidla na banjo, hupaza sauti kipimo kimoja au viwili kabla ya mpito: "D!" Wewe una filimbi mdomoni, kwa hiyo mwambie jirani yako kabla hamjaanza: "Cooley's, halafu Silver Spear." Atakusemea. Inua kichwa, wengine huinua mguu, raundi ya mwisho ikianza. Watu wa Ayalandi wanasoma ishara ndogo vizuri sana wakikaa kupiga.

Na kwa kuwa uko Cork, una bahati ambayo watu wa Dublin wangeitamani. Upande wa magharibi wa kaunti yako, mpakani na Kerry, ndiko Sliabh Luachra, nchi ya polka na slaidi (tuni za dansi za jamii ya jigi), alikofundisha mpiga fidla Pádraig O'Keeffe na walikotoka wapiga fidla Denis Murphy na dada yake Julia Clifford. Polka ni fupi na zina mbio, kwa hiyo seti zake zinaweza kuwa na tatu au nne bila kuchosha, na mabadiliko ya ufunguo huko ni mepesi zaidi. Kwenye seti za namna hii ufunguo huja baada ya asili: polka za eneo moja zinakaa pamoja kwa sababu zimezoeana miguuni mwa wachezaji. Wasikilize wazee wa huko wanavyozipanga, na wakitoka polka fulani kuingia nyingine kila wiki, wafuate hata kama ungepanga tofauti. Seti ya mahali ni mali ya mahali.

Honipaipu zako usizirundike, mbili zinatosha. The Boys of Bluehill na The Harvest Home, zote D, zimeoana zamani, na kwa sababu zinaanza tofauti kabisa hazichanganyi mtu licha ya kuwa ufunguo mmoja.

Mpito ukivunjika siku hiyo, kama ulivyozoea kukuvunjikia, usisimame wala usiombe radhi katikati. Kama wengi wamerudi tuni ya kwanza, rudi nao, ipigeni raundi moja zaidi, kisha ujaribu mpito tena kwa kuinua kichwa mapema zaidi na kupuliza noti ya kwanza kwa nguvu kidogo kuliko kawaida.